Siti ya Abiria

Mpenzi wangu wa mbali,

Mimi mzima, isipokuwa mdomo, huo bado haujapona ugonjwa wa kusema.

Dereva wako kafikisha gari letu la mbio salama. Nimelifunga springi fupi, sasa limelala chini kama paka anayewinda. Ekzosi mpya inanguruma mpaka jirani kafunga dirisha.

Ila siti ya abiria nimeikuta imesukumwa nyuma kabisa. Mimi mfupi, mama yako mfupi kunishinda. Nani anakaa pale wewe ukiendesha? Ah, sijauliza.

Nimeweka siti mpya ya mashindano, nimeikaza kwa bolti huku mbele, kwa kipimo cha miguu yangu. Haisogei. Mwenye miguu mirefu apande basi.

Gari njoo ulichukue mwenyewe.

Wako yuleyule,
Fundi Mfupi