Kaburi Kwenye Kona ya Majani Chai Yangu

Dada Esnah mpendwa,

Naomba unisaidie mawazo kabla sijakosea, mimi ni mjane, kwetu ni kule ziwani lakini nimekaa Kimulot miaka mingi, marehemu mume wangu alinunua hapa shamba la majani chai na taito, ile hati ya shamba, ninayo, sasa Kipruto, mtoto wa mzee aliyetuuzia, alinishtaki mara tu nilipozungusha ua wa waya, eti shamba lirudi, tukaenda kortini mpaka soli za viatu zikaisha, mawakili wanabishana juu ya sahihi ya marehemu babake kwenye karatasi ya kuuza na sisi wawili hata salamu hakuna. Juzi korti ikatutuma kwa msuluhishi, mama anaitwa Rodah, mpole lakini hachezewi, akawanyamazisha mawakili, akamuuliza Kipruto, "Ukipewa hili shamba kesho, utafanya nini kwanza?" Dada, mwanaume mzima aliangalia chini, akasema, "Nitapalilia kaburi ya mama." Kumbe yale mawe ya kona ya chini, tuliyodhani ni ya mpaka, ni mama yake, na ua wangu ulimfungia nje! Nililia mbele ya watu. Tumekubaliana nimwachie ile kona na njia, yeye aache kesi, kuweka sahihi ni Ijumaa, lakini shemeji yangu Jackton anafoka, eti nikimpa njia leo, kesho atalala sebuleni. Niweke sahihi ama nirudi kwa jaji nishinde?

Celine, Kimulot

Celine,

Pole, mama. Lakini wacha nikugombeze kidogo. Umshinde nani, mtu anayetaka kung'oa nyasi kwa mamake? Kwenu mtu akifia Mombasa mnachanga pesa mpaka azikwe nyumbani, halafu leo Jackton ndiye akufundishe kaburi ni nini!

Huyo Rodah nampa heko. Swali lake moja limemaliza kazi iliyoshinda mafaili. Jaji angesoma taito akupe shamba, na kila asubuhi ungechuma ukiangalia nyuma.

Hata hivyo hofu ya Jackton si ya kutupa. Iandikwe wazi njia inapita wapi, kona ni ya kaburi tu, na Kipruto hana dai lingine. Usomewe mpaka uelewe. Korti ikishaipokea hiyo karatasi, ina nguvu kama hukumu.

Kwa hivyo weka sahihi. Halafu ukate waya wewe mwenyewe, usitume mfanyakazi. Na Kipruto akija na jembe lake, muulize mamake alikuwa anaitwa nani.