Shuka la Mama Mwenye Godoro

Poni dada yangu,

Nianze na lililo baya, salamu zitafuata: shangazi yako aliwatandikia wageni kazi yako, na chai ikaimwagikia. Usikasirike kabla sijamaliza. Nakujua ukikasirika, unanyamaza na kuvuta uzi mpaka unakatika.

Ilikuwa hivi. Tuliporudi kutoka makaburini, wageni walijaa uani hapa Mauna mpaka viti vya plastiki vikaisha. Shangazi Keji akasema mwanamke mwenye mkono kama wako haagwi kwa mikeka mitupu. Akafungua sanduku lako la bati. Si unajua desturi ya kwenu, milaya za marehemu, mashuka aliyoyadarizi, hutolewa ili wageni wakae juu ya kazi ya mikono yake. Shangazi aliona mashuka yaliyodariziwa, akaona nyuzi nyekundu na njano, akadhani ni maua na ndege kama milaya za kila bibi harusi wa Juba. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Akatandika nyumba zinazoungua, akatandika lile la askari juu ya lori, akawakaribisha mama wa kanisa. Mimi nilikuwa jikoni. Kutoka na sinia ya chai, namkuta mchungaji amekaa juu ya kifaru cha jeshi.

Nilicheka, Poni. Mungu anisamehe, siku ya kukuzika wewe nilicheka, halafu nikalia nikashindwa kunyamaza.

Walikuwa hawajui. Wangejuaje? Miaka yote mimi nikishona sare za shule kwenye cherehani, wewe pembeni na sindano yako na ile simu ya kioo kilichopasuka, watu wa mtaa walidhani unadarizi milaya za harusi yako. Kumbe unadarizi picha za vita. Nyingine ulizitoa kwenye simu, nyingine kwenye magazeti wanayofungia njugu. Unaichora picha kwenye shuka kwa uzi, halafu unaongeza kile picha ilichokiacha nje: mlango, sufuria, mbuzi, jirani. Nikikuuliza kwa nini unajitesa, unanijibu kwa Kiswahili chako cha Arua nilichokuwa nakicheka, "Huyu wa kamera ni fundi mubaya. Yeye anakata, anatupa kitambaa muzuri."

Na nyuso hukuzigusa. Ulisema, "Uso iko na mwenyewe." Mpaka umpate mtu wa kwenye picha umwombe, uso wake unabaki kitambaa cheupe. Ndiyo maana sanduku lako lina watu wengi wasio na nyuso, na ndiyo maana hukuuza hata shuka moja. Nani atalalia vitu kama hivyo?

Lakini lile kubwa ndilo lililokuwa roho yako, la mama mwenye godoro. Ile picha tuliikuta kila mahali. Ilikuwa kwenye kalenda, ilikuwa kwenye ukuta wa ofisi moja kule Amarat ulipoenda kupeleka mapazia. Vita vikianza popote duniani, hata visiwe vyetu, wanamtoa huyo huyo. Godoro la mistari kichwani, mtoto wa kike mkononi, mguu mmoja wa mtoto una kiatu na mwingine hauna. Mdomo wa mama uko wazi kabisa. Chini wameandika kwamba analia. Wewe ulikataa. Ulinisogezea simu puani ukasema mtu akilia anafumba macho, na huyu macho yake yako wazi, kuna kitu anakiangalia. Basi ukadarizi godoro mstari kwa mstari, ukadarizi mtoto na kiatu chake, ukaacha uso.

Tulimtafuta, si tulimtafuta? Kambini, makanisani, kwenye foleni za kliniki. Bandarini hatukuenda hata siku moja. Kwenye picha anakimbilia mtoni, na sisi wawili, wajuaji, tukakubaliana kwamba aliyekimbilia mtoni alipanda meli ya mizigo akaenda kaskazini. Khalas, tukafunga mjadala.

Poni, anauza chai na maharage bandarini. Tangu wakati ule. Kutoka kwenye cherehani yetu mpaka kwake ni mwendo wa boda moja tu.

Alikuja matangani na jirani yetu ambaye ni mteja wake, ameleta sukari. Wewe hakukujua kabisa. Alikaa pale alipoonyeshwa, akapewa chai, akatazama chini, akaruka kama ameumwa na siafu. Hapo ndipo chai ilipomwagika. Wenzake wakaanza kupangusa, yeye akawashika mikono. Aliinama akapitisha kidole kwenye mistari ya godoro, kisha kwenye ule mguu usio na kiatu. "Hii ni mimi," akasema.

Nikampigia magoti nikamweleza habari zako, picha, uso, vile ulivyomtafuta. Nikamuuliza swali lako: mama, ulikuwa unalia? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa upuuzi. Alikuwa hajalia. Alikuwa anamgombeza Gloria, bintiye. Kiatu kilitoka njiani, mtoto akataka kurudi kukichukua, risasi zinalia huku yeye anang'ang'ania kiatu. Mama akampigia kelele, na mwenye kamera akapita.

"Watu yote iliona mimi nakimbia," akasema. "Hakuna mtu iliona mimi nafika."

Ulikuwa sahihi, na hukuishi kulijua hilo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ile homa yenyewe, uliyosema ni malaria tu, itapita. Ungecheka mpaka ungeanguka kwenye kiti. Dunia nzima inamlilia mama ambaye alikuwa anagombana kuhusu kiatu! Nimekaa na kicheko chako hapa mkononi, sina wa kumpa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unaweza kunilaani. Yule bwana wa maonyesho kule hotelini Amarat, aliyekuahidi ukuta wa kutundika mashuka yako, hakukusahau. Alikuja kutoa pole, akasema ukuta wako uko palepale, wa katikati, na jina lako. Najua ulivyoutaka. Ulinipiga kiwiko ukaniambia siku moja wakubwa watasimama mbele ya shuka lako na glasi za juisi, nisije nikavaa zile ndala. Ila alitaka mambo mawili: nimalizie uso, kwa vile naujua mkono wako, na ile picha ya kalenda itundikwe pembeni, kubwa. Bila picha, alisema, watu hawataelewa.

Wakati huohuo Mama Gloria naye akaja dukani. Gloria anaolewa Jumamosi, Jumamosi ileile ya maonyesho. Alitaka lile shuka, ila hakuomba kwa nguvu. Alisema milaya ni ya bibi harusi, na huyu bibi harusi yumo ndani yake.

Nilizunguka na hilo jambo kichwani. Nikamwomba bwana asogeze siku, akasema wageni wameshaalikwa. Nikamwomba basi aache picha, akatabasamu kwa upole, akakataa. Nikalikunja shuka nikaondoka nalo. Malesh, Poni, nisamehe. Ukuta wako nimekunyang'anya kwa mikono yangu, na sijui kama ungenikumbatia au ungenizaba kofi. Mashuka mengine ameyatundika. Jana nilipita nikaona pale katikati jina lako na misumari, hakuna kitu. Nilisimama pale nikatamani kurudi nyuma. Bado natamani.

Uso si mimi niliyeushona. Mama Gloria alikaa kwenye kigoda chako, akaomba uzi mweusi, akajishona mwenyewe. Mdomo umeenda upande, jicho moja kubwa kuliko lingine. Lakini ukitazama unajua kabisa kuna mtoto anayegombezwa. Sikunyoosha hata mshono mmoja. Doa la chai nilifua kwa sabuni ya kipande, likagoma. Akasema liache, ndipo tulipokutana.

Dada, pumzika. Sanduku liko kwangu, na nyuso zilizobaki nitazitafuta. Nitaanzia kule kote tulikoapa kwamba hawapo. Nikimpata mtu, nitampa sindano ajishone mwenyewe.

Jumamosi nitaenda harusini, na Shangazi Keji atakuja na miwani yake. Gloria akitoka nje watu watamwangalia shela. Mimi nitaangalia miguu kwanza, yote miwili, kwa niaba yako.

Wako asiyevaa ndala tena,
Kiden