Donge la Unga Nililokuwa Nakuwekea

Baba Zubeda,

Kila barua huanza kwa kuuliza hali, nami yako siwezi kuiuliza, basi nitakupa ya kwetu. Sisi wazima. Zubeda amesharudi kwa mumewe Morogoro. Mimi nimetoka eda juzi. Naandika kwa ile penseli yako nene ya kuwekea alama kwenye bati, ndiyo maana herufi zimekuwa kubwa namna hii. Usinicheke.

Nataka kukueleza habari za gari la Bwana Harilal, kwa sababu kidogo lifunge karakana yako.

Tulipokwisha kukuzika, mdogo wako Idrisa alisema ataiendesha karakana mwenyewe. Alisema kwa mdomo tu. Sauti yake niliisikia nyuma ya pazia, nikajua hajiamini. Kuna mtu wa reli alikwishamwahidi kazi, naye Idrisa akaniambia wazi: "Shemeji, kazi ya kwanza ikiniharibikia, narudisha ufunguo kwa mwenye nyumba." Ningemwambia nini, na wewe ndiye uliyekuwa unamwambia kila kitu?

Basi Bwana Harilal, yule mwenye duka la vitambaa Kariakoo, akaleta lile gari lake jeusi linyooshwe mlango uliobonyea. Binti yake alikuwa anaolewa. Idrisa akaunyoosha mlango, akaupiga rangi, ukakauka vizuri. Siku moja kabla ya gari kuchukuliwa akaanza kupuliza rangi nyeupe kwenye teksi, uani hapo hapo. Alitafuta turubai la kulifunikia gari jeusi, hakuliona. Unajua lilikuwa wapi? Lilikuwa hapa nyumbani. Ndilo tulilowatandia watu kivuli kwenye matanga yako, na hakuna aliyekumbuka kulirudisha. Upepo ukageuka, na vumbi lote la rangi nyeupe likalala juu ya gari la harusi, kuanzia boneti mpaka nyuma. Kwa mbali ungesema limetoka safari ya Dodoma.

Aliliosha kwa sabuni, vumbi halikutoka. Akajaribu petroli kwenye kona moja, rangi nyeusi yenyewe ikaanza kufifia, akaacha. Nashukuru hakushika msasa. Ndipo akaikumbuka dawa yako.

Hapo uongo wako ukatutesa, mume wangu. Miaka yote hiyo ulimwambia mdogo wako kwamba ile dawa nyeupe ya kutolea vumbi la rangi unainunua dukani, tena kwa kujuana. Maskini akazunguka Kariakoo asubuhi nzima akiiulizia. Duka moja wakampa gundi. Jingine wakampa ile puti nyeupe ya kushikia vioo vya madirisha. Mwarabu mmoja mzee akamuuliza kama ni dawa ya kunywa au ya kujipaka. Akarudi mikono mitupu, akasimama nje ya mlango wangu. "Shemeji, samahani kukusumbua. Kaka ile dawa alikuwa anainunua wapi?"

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu ulipoondoka. Shangazi yako alikuwa amekaa nami, akanitazama kwa jicho ambalo silisahau.

Nikamwambia: "Idrisa, kaka yako alikuwa ananunua kwangu."

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa nakanda unga wa chapati, ukapita, ukachukua donge bila kuomba, kama kawaida yako. Nikadhani unataka kuziba kitu. Kutoka nje nakukuta umelibandika kwenye ubavu wa gari la watu, unalivuta taratibu, na vumbi la rangi linahamia kwenye unga. Nilikugombeza sana siku ile. "Chakula cha watu unasugulia gari?" Na wewe ukacheka na gari lako. Kesho yake nilikuwekea donge pembeni mwenyewe, hukuniomba. Ndivyo tulivyokuwa wewe na mimi.

Basi nikamkandia Idrisa. Unga wa ngano, maji ya sabuni, matone machache ya mafuta ya taa, na kukanda mpaka mikono inauma, kwa maana ukiwa laini unabaki kwenye gari. Gari likaletwa mbele ya baraza, pale pale ulipopenda kumalizia kazi zako. Mimi ndani, yeye nje, pazia katikati. Nikamwambia alowanishe bati kwanza, avute donge bila kukandamiza, likichafuka alikunje apate upande safi.

Akaniuliza atajuaje kama vumbi limekwisha. Nikamtumia ile karatasi nyembamba inayong'aa ya kufunikia paketi ya sigara. Niliikuta mfukoni mwa suruali yako, wewe usiyevuta sigara, uliyekuwa unaokota karatasi za wenzako njia nzima. Akaivaa vidoleni, akaipitisha juu ya bati. Nikasikia kwaru, kwaru. Baba Zubeda, nilishika mlango. Sauti ile ndiyo niliyokuwa naisikia nikiwa jikoni, miaka yote, nikajua upo.

"Bado," nikamwambia. "Ikikwaruza, vumbi bado lipo. Rudia karibu na taa." Akarudia. Nikasikiliza. Ikawa kazi ya mchana mzima, yeye anapitisha kidole, mimi nasema bado. Jua likiwa limeinama akapitisha karatasi kutoka taa hadi taa na sikusikia kitu. Akaita, "Shemeji, umelala?" Sikuwa nimelala. Nilikuwa nalia, nikashindwa kumjibu kwamba imekwisha.

Bwana Harilal alilikagua gari lake kwa kiganja, kote kote, akaondoka nalo. Baada ya harusi alituletea sahani ya laddu, vile vitamutamu vya Kihindi, na juma lililofuata akaleta gari la nduguye. Idrisa hazungumzii reli tena.

Juzi, eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa Gerezani, karakanani kwako. Idrisa alikuwa amekoroga chokaa apake kuta. Nikaenda kwenye ule msumari uliokuwa unatundikia shati lako ukibadilisha nguo za kazi. Ukuta mzima umejaa vumbi la rangi zako, jeupe, jekundu, la kijani, ila pale palipokuwa pananing'inia shati. Mabega yake yapo, mikono yake ipo. Nikavaa karatasi kidoleni. Pande zote ukuta unakwaruza. Ndani ya umbo la shati ni laini, hakuna sauti.

Nikamwambia Idrisa apake kuta tatu. Huo wa nne auache na vumbi lake.

Lala salama, mume wangu, Mungu akupe nafasi pana. Nitakapokanda unga, donge lako nitaliweka pembeni kama zamani, na Idrisa atakuja kulichukua. Turubai nimelirudisha mwenyewe.

Wako,
Mama Zubeda