Sinia la Migebuka

Rosettenville, Johannesburg

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo. Mama yako kafungua saluni, mimi nagombana na baridi.

Unauliza ufanyeje, kamati zako za uvuvi huko Kigoma zinabishana lini ghuba ifungwe samaki wazaliane. Nilipokuwa karani wa kamati hizo, niliwaita wenye mitumbwi tu. Wakabishana siku mbili. Siku ya tatu mama yangu, aliyekuwa akitupikia, akaweka sinia katikati ya kikao: samaki wa migebuka aliowatumbua asubuhi ile, wote wana mayai.

"Sisi watumbuaji tunajua," akasema. "Hamjatuuliza."

Kabla ya adhuhuri tukakubaliana ghuba ifungwe mara moja.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza nani katumbua samaki leo, umpe kiti. Mimi mama yangu nilimwacha amesimama.

Bibi yako