Kipande cha Nyama Ulichokataa Kutoa

Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Tangu tulipokuzika kule Nyangezi nimetaka kukuandikia, lakini kila nikishika kalamu naona aibu. Leo naandika nikiwa na bandeji puani. Usishituke. Mimi niko muzima.

Kidonda chako chini ya jicho kilianza kama kipele tu. Ulikuwa unauza sambaza, wale samaki wadogo, kwenye soko la Kadutu, jua likikupiga usoni kutwa nzima, na sisi albino wawili wa nyumba yetu hakuna aliyetuambia kwamba jua lile linatuua. Kikapona, kikarudi, kikatoa damu. Tulipofika hospitali, yule munganga mwanamke, daktari wa pale, alikutazama muda mrefu, kisha akasema: "Maman, hii inaweza kuwa kansa ya ngozi. Nikate kipande kidogo, tupime, tujue."

Kipande. Neno hilo lilitutia baridi wote wawili. Tangu utoto tulisikia habari za watu wanaotafuta nyama ya albino. Mama hakutuacha hata kwenda kuchota maji peke yetu. Ukanigeukia. Ningesema kubali, ungekubali. Mimi nikakuvuta mkono, nikakunong'oneza: "Twende. Uyu anataka kutuuzisha."

Tukatoka bila kuaga.

Nikakupeleka kwa mzee wa dawa za majani. Yeye hakutaka kukata kitu, ndiyo maana nikamwamini. Dawa yake ilikuunguza. Jicho likafunga, ukawa unatafunia upande mmoja. Hata hapo sikujishuku mimi. Nilimshuku jirani yetu, Mama Furaha, kwa sababu ya kikombe cha chai alichokupa. Nikasema ni karuho, ile sumu inayoua polepole. Alipokuja kwenye kilio chako nikageuza uso, na watu wote wakaona.

Mwaka huu kipele kikatokea puani mwangu. Nilikijua siku ya kwanza. Nikarudi kwa munganga yuleyule. Alinikumbuka. "Yaya yako iko wapi?" Nikamwambia tumekuzika.

Usidhani nilimwamini, yaya. Nilimuuliza kipande kitakwenda wapi, nani atakibeba, kitatupwa wapi wakimaliza. Akanipa kichupa cha kuwekea kipande, nikaandika jina langu juu yake kwa mkono wangu. Nikamfuata muuguzi mpaka mlango wa maabara, nikakaa hapo kwenye kiti. Wengine walinicheka. Munganga hakucheka. "Mumuache," aliwaambia. "Hata mimi ningekaa."

Ilikuwa kansa, ndogo, haijaenda mbali. Wakanichoma sindano ya ganzi, nikasikia mkasi ukifanya kazi bila kusikia uchungu, wakaitoa, wakashona. Juzi munganga aliniambia kwamba kando za nyama waliyoitoa ziko safi, hakuna kansa iliyobaki. Hapo nikauliza swali nililokuja nalo: je, yaya angekatwa siku ile, angepona? Akanijibu: "Siwezi kuapa, maman. Lakini yake pia ilikuwa ingali ndogo."

Nilitamani anidanganye.

Jana nilikwenda kwa Mama Furaha. Nikamwambia yote mlangoni, nikamuomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu. Ana haki. Nitarudi Jumapili, na Jumapili nyingine.

Yaya, moyo wangu haujapona kushuku. Mutu akinitazama sana barabarani, bado nahesabu hatua zake. Hata huyu munganga, kuna siku namtazama mikono zaidi kuliko uso. Na Jumatatu atakata doa jingine, hili la kwenye paji la uso. Nitauliza maswali yote, na nitasoma kila karatasi kabla ya kutia saini. Lakini nakuahidi, sitanyanyuka kwenye kile kitanda mpaka amalize.

Nisamehe, mkubwa wangu. Pumzika.

Mudogo wako,
Mapendo