Padre Teofil, Nyuki Wake na Msamaha wa Mama

Mwaka umezunguka, Baba, tangu usinzie kwenye kiti chako barazani, kofia usoni, ukagoma kuamka. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, tena umeshiba. Mama anasema hata kufa ulikufa kivivu, na akishasema hivyo anacheka mpaka anajifuta macho.

Kijiji chote cha Dealu Teiului, na kanisa letu la Kiorthodoksi, vinakukosa. Mahubiri yako yalikuwa mafupi, ili supu za watu zisipoe. Ulipenda nyuki wako, ulipenda pombe ya plamu, hasa glasi ya pili. Na hukuwahi kumwambia mfiwa kwamba msiba wake ni mapenzi ya Mungu. Binti wa Zamfira alipofariki ulikaa jikoni kwao kutwa nzima ukiwabangulia kokwa za jozi, na hukujifanya una maelezo.

Halafu ukaja ule msimu wa alizeti. Kila mtu huku anajua dawa ya kuua wadudu shambani hupigwa jua likishazama, nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Jirani yetu Costache alijua pia. Lakini jioni ile alikuwa na harusi ya kwenda, akazipiga dawa alizeti zake mchana kweupe. Kesho yake uliwazoa kwa koleo nyuki wako waliokufa, na ulilia, Baba, tulikuona.

Mama akakugeukia. "Teofil, huyo Mungu wako alikuwa wapi? Ameshindwa hata kuziba bomba la pampu?"

"Alikuwa hapahapa, anaumia na sisi," ukamjibu. "Ila akianza kumshika Costache mkono, mke wangu, na mimi atanishika kila nikinyanyua glasi."

"Basi angeanza na wewe."

Costache alipokuja kuomba radhi, ulimsamehe palepale mlangoni. Mama alikataa katakata. "Wewe kusamehe ni kazi yako," akakuambia. "Mimi si padre." Tulitaka kumbembeleza, ukatukataza. Ulisema Mungu mwenyewe hamlazimishi mtu, sisi ni nani? Ukafa Mama na Costache hawajasemeshana, na tunajua hilo lilikuuma kuliko hao nyuki.

Jumamosi iliyopita tulikufanyia ibada ya mwaka. Mama alichemsha mwenyewe ngano ya kumkumbukia marehemu, akaipamba kwa sukari na jozi. Ulipofika wimbo wa kukuombea kumbukumbu ya milele, tukainua sinia la ngano hiyo ili tulipembeze juu na chini, kama ilivyo desturi. Asiyelifikia sinia hushika bega la aliye mbele yake, kanisa zima likawa limeshikana. Costache peke yake alisimama kule mlangoni, kofia mkononi, hana bega la kushika.

"Ngojeni kwanza," Mama akasema. Wimbo ukakatika. "Costache, umekuwa nguzo? Njoo ushike hapa." Akajigonga begani.

"Mama Padre, mimi sistahili..."

"Hilo najua. Njoo, sinia zito."

Akaja. Hakuna aliyemsukuma Mama, Baba. Sote tulitazama sakafu, tukiogopa kumharibia. Wimbo ukaanza upya, Costache akilia nyuma yake, na Mama akamnong'oneza asimlowanishe kitambaa, amekipiga pasi asubuhi. Tukaendelea kuimba, tukiuma midomo tusicheke.

Njiani kurudi, binti yako Ilinca alimuuliza kama hasira imekwisha. "Bado ninayo," Mama akasema. "Nimeamua tu isiniamulie." Kisha akatuhimiza tutembee, watu wanasubiri chakula.

Baba, lile swali la Mama, Mungu alikuwa wapi, bado tunaulizana. Ila siku ile tulifurahi kuwa wanao kuliko tunavyoweza kuandika.

Unakumbukwa na mkeo Agripina; wanao Ilinca, Smaranda na Matei; wakweo na wajukuu zako wote; dada yako Eftimia; na, kwa amri ya Mama aliyesimama hapa kuhakikisha tumeandika, jirani yako Costache.

Hutatutoka moyoni, Baba, maisha yetu yote.