Sindano za Shemeji Yako

Dada yangu,

Usishtuke ukiuona mwandiko huu, mikono bado inatetemeka. Mgongo wenyewe hauniumi sana siku hizi. Kinachonitesa ni kuachana na zile dawa za maumivu nilizomeza tangu upasuaji. Daktari alinipunguzia kidogo kidogo mpaka zikaisha, lakini mwili bado unazidai: jasho, miayo, na machozi yananitoka hata nikipiga pasi kola ya mteja. Anasema nivumilie, itachukua muda.

Kushona sijaacha, ila kutunga uzi kwenye sindano kulinishinda. Basi shemeji yako, yule asiyejua hata kushona kifungo, kila asubuhi huvaa miwani yangu, hutunga sindano za rangi zote na kuzichomeka kwenye pazia. Akimaliza huniambia, "Kazi njema, fundi," ndipo aende kazini.

Jana nilijaribu mwenyewe. Uzi ukapita! Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mara nikasikia mlango, amerudi. Nikauchomoa uzi haraka, nikamwita, "Baba watoto, hebu njoo unitungie."

Usimwambie, dada. Ile miwani inampendeza.

Mdogo wako,
Fundi